Naomba ushauri: pilipili mbuzi zangu za ndani zinageuka njano, nalima kwa udongo hai

MamaPilau_Berlin:

Habari zenu wakuu. Naishi Berlin, ghorofa ya kwanza, nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao. Pilipili mbuzi hapa ni bei ya kuumiza na harufu yake haijai chungu. Mchicha ndiyo usiseme, unaufuata duka moja la Waafrika na unakuta umeshalala. Nikaamua nilime mwenyewe ndani, maana wakati huu wa baridi mwanga wa mchana haufiki hata saa nane kwa siku na nje hakuoti kitu.

Mbolea za chupa sizitaki. Nina jirani ana mimea yake mitatu ya bangi nyumbani. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kuwa na mitatu kwa matumizi yake mwenyewe. Anailima kwa udongo hai: udongo hautupi, mizizi haing'oi, akivuna anakata shina tu kisha anapanda tena palepale. Bangi mimi sina haja nayo, ila ule udongo wake ukiushika unanuka msitu uliotoka kunyeshewa. Akanipa mchanganyiko wake. Theluthi moja makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa, theluthi mboji iliyochanganywa na mbolea ya minyoo, theluthi vijiwe vyepesi vya volkano vya kupitisha hewa. Humo akatia mashudu ya mwarobaini, unga wa mwani, unga wa mawe ya basalti na chokaa kidogo. Tukaulowesha, ukakaa mwezi mzima kwenye pipa ndipo nikapandikiza.

Sasa hali ndiyo hii. Majani ya chini yamekuwa njano na mengine yanadondoka ukiyagusa. Miche imedumaa. Juu ya udongo kuna utando mweupe wenye manyoya, na nikimwagilia vinaruka vijidudu vyeusi vyembamba, vidogo kuliko mbu. Vyungu ni vya lita 10, vimepangwa chini kando ya dirisha. Taa ya LED inawaka saa 16 kwa siku. Maji ni ya bomba, kidogo kidogo kila asubuhi.

Nimeshanunua samadi ya kuku ya vidonge, nataka niiweke wikendi hii. Niiweke? Naumia kuona miche inaondoka mbele ya macho yangu.

Jogoo_la_Shamba:

Weka mama. Njano ikianzia majani ya chini ni njaa ya naitrojeni, mmea unanyonya majani ya zamani ili ulishe machipukizi. Loweka hiyo samadi, mwagia, utaona.

FundiMboji:

Dada yangu, tafadhali usiiweke. Jogoo amesoma dalili vizuri, njano inayoanzia chini kweli ni naitrojeni. Lakini angalia ulichotia humo: mboji, mbolea ya minyoo, mashudu ya mwarobaini. Naitrojeni ipo tele. Swali ni kwa nini mmea haufikii.

Udongo hai haulishi mmea moja kwa moja. Naitrojeni iliyo ndani ya mashudu imefungwa kwenye protini. Kuna bakteria na kuvu wanaoivunja ikawa amonia, halafu kuna bakteria wengine wanaoigeuza amonia kuwa naitreti, ambayo mizizi inaichukua kwa urahisi. Hao wa pili ndio wenye madeko. Wanataka hewa na wanataka joto. Udongo ukiwa wa baridi wanafanya kazi kwa kusuasua, na ukiwa umejaa maji wanakosa pumzi. Ukiwatupia samadi ya kuku wakiwa kwenye hali hiyo, amonia inarundikana na kuunguza mizizi, na chungu cha lita 10 hakina nafasi ya kuivumilia.

Naomba unijibu mawili. Chomeka kipimajoto ndani ya udongo asubuhi kabla taa haijawaka, uniambie kinasoma ngapi. Kisha chomeka kijiti kikavu cha mbao hadi chini ya chungu, kiache kidogo, ukichomoe. Kinatoka kikiwaje?

Mzalendo_Toronto:

Mimi nadhani ni maji. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo makusudi kuua bakteria, sasa unategemea nini kwenye udongo unaoishi kwa bakteria? Hapa kwetu Toronto wanatia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haitoki hata ukiyaacha maji yakae usiku kucha. Mimi nachuja kwa mkaa.

Kaka_wa_Hamburg:

Ndugu yangu wa Toronto, kwako ni sawa, kwa Berlin sivyo. Maji ya Berlin yanatoka ardhini na kwa kawaida hayatiwi klorini kabisa. Tatizo lake ni chokaa. Dada, angalia ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe ndio unaoumwagia kwenye vyungu kila asubuhi. Kwa muda mrefu unapandisha pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu wake, na pH ikipanda sana mmea unashindwa kupata chuma. Ila hiyo dalili yake ni tofauti: yanakuwa njano majani machanga ya juu huku mishipa imebaki kijani. Kwa ulivyoeleza bado hujafika huko. Kinga maji ya mvua ukiweza, changanya nusu kwa nusu, na usiongeze chokaa nyingine kwenye mchanganyiko wako ujao.

MamaPilau_Berlin:

Asanteni sana jamani. Nimepima. Udongo unasoma nyuzijoto 14 asubuhi! Chumba chenyewe kina 20, lakini usiku napunguza joto kwa sababu ya bili. Kijiti kimetoka kimelowa mpaka ncha, na chini kinanuka kama yai bovu kwa mbali. Juu udongo ulikuwa unaonekana mkavu ndiyo maana nilikuwa namwagilia.

FundiMboji:

Basi ugonjwa tumeuona. Harufu hiyo ya yai ni ya udongo uliokosa hewa. Na nyuzijoto 14 kwa pilipili ni mateso, huu ni mmea wa nchi za joto, mizizi yake inafurahia kuanzia 20 hadi 28.

Leo hii inua vyungu kutoka sakafuni. Weka kipande kinene cha povu gumu la kuzuia baridi, juu yake ubao au fito ili chini ya vyungu kupite hewa. Vitoe kwenye dirisha, maana una taa, dirisha hulihitaji. Ukipata zulia dogo la umeme la kupashia miche ni bora zaidi, linakula umeme kidogo kuliko kupasha chumba kizima. Sahani za chini zimwage, chungu kisikae kwenye maji hata nusu saa.

Kumwagilia kila asubuhi kidogo kidogo ndiko kunakokudanganya. Juu panakauka kwa taa, chini panabaki tope. Zoea kunyanyua chungu. Kinyanyue kikiwa kimetoka kumwagiliwa, mkono wako ukariri uzito wake, kisha usimwagilie tena hadi kiwe chepesi waziwazi na vidole vikizama hadi pingili ya pili usikute ubaridi wa maji. Hapo mwagilia taratibu, chungu chote, mpaka kianze kudondosha chini. Kwa miche iliyodumaa kama yako huenda ikapita zaidi ya wiki bila kumwagilia. Usiogope. Lakini pia usiuache ukauke kabisa hadi uachane na ukuta wa chungu, maana viumbe wa udongo nao wanakunywa.

Majani yaliyokwisha kuwa njano hayarudi kijani. Usiyatazame hayo, tazama machipukizi.

Kihambani:

Nikiwa Moshi naongezea hapo kwenye utando mweupe, usikuogopeshe. Hiyo ni kuvu inayokula mabaki ya mboji na mashudu, haili mmea ulio hai. Ukoroge kwa uma utapotea wenyewe. Ila hakikisha ni manyoya kweli na siyo ukoko. Kama ni ukoko mgumu, udondoshee siki: ukitoa mapovu ni chokaa ya maji yako aliyoisema kaka wa Hamburg.

Halafu sijaona umetaja matandazo. Vihamba vyetu vya Kilimanjaro vimelimwa vizazi na vizazi, migomba juu, kahawa chini yake, na ardhi haiachwi uchi. Majani ya migomba yanarudi chini, samadi ya ng'ombe wa ndani inarudi shambani, hakuna kinachotupwa. Udongo hai wa jirani yako ni jambo hilohilo ndani ya chungu. Weka nyasi kavu unene wa vidole viwili.

FundiMboji:

Kihambani, nakubaliana nawe kwa asilimia zote shambani, lakini kwa dada yetu ningengoja. Wale vijidudu weusi wanataga kwenye tabaka la juu lililolowa, sentimita mbili tatu za mwanzo, na funza wao wanakula kuvu na vijizizi vichanga. Akitandaza nyasi sasa hivi anawatengenezea kitanda. Kwanza pakauke, vijidudu viishe, ndipo matandazo.

Kihambani:

Hapo umenena. Kwangu kuna upepo na ndege, yeye yuko chumbani. Angoje.

Shangazi_wa_Bustani:

Vijidudu hivyo nimepambana navyo sana kwenye mirehani yangu, pole mwanangu. Kata kipande cha kiazi kibichi, kilaze juu ya udongo siku mbili tatu, kisha ukigeuze. Ukiona funza weupe wembamba wenye kichwa cheusi, ndio wenyewe, na hapo utajua ni wengi kiasi gani. Karatasi za njano za gundi zinanasa wale wanaoruka tu, hazimalizi. Wanaomaliza ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, aina ya israelensis, unamchanganya kwenye maji ya kumwagilia, au nematodi, yaani viminyoo vidogo mno, wa Steinernema feltiae wanaouzwa hai maduka ya bustani huko Ulaya. Wote hao wanaua funza bila kudhuru minyoo wala mmea. Rudia baada ya wiki moja, na tena baada ya nyingine, kwa sababu kutoka yai hadi mdudu anayeruka ni kama wiki tatu hadi nne. Ukitibu mara moja waliobaki kwenye mayai wanakuja kukulipizia.

Dawa za kunyunyizia za kawaida usiguse. Utaua na wale unaowafuga.

Kijana_wa_Arusha:

Wakuu samahani, natoka nje ya mada kidogo. Huo mchanganyiko wa jirani, mtu akitaka kuutumia kwa ile mimea ya jirani hapa Arusha, ndani, kimya kimya?

FundiMboji:

Mdogo wangu, usijaribu. Tanzania kulima bangi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na hakuna msamaha wa kusema ni mche mmoja wa chumbani. Kinachoruhusiwa Ujerumani kinaishia Ujerumani. Udongo wenyewe uchukue, pandia nyanya na hoho, zinalipa na unalala usingizi.

Terere_Fresh:

Mimi niko Nairobi, nataka kusema juu ya mchicha kwa sababu dada ameutaja na hakuna aliyemjibu. Usiuweke pamoja na pilipili chungu kimoja. Terere, ndivyo tunavyouita mchicha huku, inakula haraka na inataka joto na mwanga mkali kupita mboga nyingi za majani. Tafuta kreti au sanduku lenye kina cha sentimita 20, lijaze udongo huohuo, mwaga mbegu nyembamba juu na kufunika kidogo tu kwa mboji iliyochekechwa. Anza kuvuna ikifika urefu wa kiganja na vidole: kata juu, acha vifundo viwili vitatu chini, itachipua tena. Na usiipunguzie saa za taa. Aina nyingi za mchicha siku zikiwa fupi zinakimbilia kutoa maua, majani yanakuwa madogo na magumu. Hizo saa 16 zako zinafaa.

MamaPilau_Berlin:

Mungu awabariki. Vyungu vimeshapanda juu ya povu na ubao, samadi ya kuku nimemrudishia mwenye duka, bakteria wa shangazi nimewaagiza. Kiazi nimeweka na funza wapo, tena wengi. Swali la mwisho: nikianza kuona majani mapya ya kijani, nilishe lini na nini? Na je, chungu cha lita 10 kinatosha mpaka matunda?

FundiMboji:

Hakitoshi kwa raha. Udongo hai unategemea ukubwa: ukiwa mwingi, joto na unyevu havirukiruki, na chakula kinakuwepo muda mrefu. Miche ikishika nguvu hamishia kila mmoja kwenye mfuko wa kitambaa wa lita 25 hadi 30. Kwenye kuhamisha huko ndiko utakapolisha, kwa maana udongo mpya ndio chakula. Baadaye, kila mwezi au mwezi na nusu, tandaza juu konzi mbili za mbolea ya minyoo, ukwangue kidogo uchanganyike, mwagilia. Huku Morogoro ningekuambia ukate majani ya alizeti mwitu uyalaze chini ya matandazo, yana naitrojeni na potasiamu nyingi. Wewe masika ikifika huko, tafuta yale majani yanayowasha yanayoota kando ya njia kila mahali Ujerumani. Vaa glavu, yakate kabla hayajatoa mbegu, yakaushe, uyalaze juu. Yanafanya kazi hiyohiyo.

Jambo moja ambalo wengi wa ndani wanasahau: hakuna upepo huko kwako. Weka feni ndogo ipulize taratibu. Maua yakianza kufunguka, tikisa shina kwa kidole mchana, kila siku, ili chavua idondoke. Na usiku usiache chumba kishuke chini ya nyuzijoto 15 wakati huo, pilipili mbuzi inabwaga maua.