Ushauri wa mafundi: pochi ya ngozi inayoshika kadi bila kulegea, nikate na kushona vipi?

Ushonaji_Tanga

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada wa mafundi wa ngozi, na yeyote anayezielewa hizi kadi.

Nashona pochi na mikoba kwa mkono hapa Tanga, ngozi ya ng'ombe na ya mbuzi. Nimepata oda ya chama cha akiba na mikopo: pochi 60 za kukunja, watawagawia wanachama kwenye mkutano mkuu. Kila pochi ibebe kadi sita, yaani kitambulisho cha NIDA, leseni, bima ya afya, mbili za benki na ya chama chenyewe. Wanataka kadi zisichomoke hata pochi ikigeuzwa juu chini. Halafu mwenyekiti ameona mtandaoni pochi zinazozuia kadi kudukuliwa, anataka na za kwao ziwe hivyo.

Linalonisumbua zaidi ni hilo la kuchomoka. Pochi ikiwa mpya kadi inabana mpaka uivute kwa kucha. Ikishatumika miezi michache mfuko umelegea, kadi inateleza yenyewe. Ukipunguza upana, mteja anasema kadi haiingii. Mifuko naikata kwenye ngozi ya mbuzi yenye unene wa milimita 1 hivi. Nibadilishe ngozi, nibadilishe kipimo, au nitie zipu? Na hiyo habari ya kudukuliwa ina ukweli kiasi gani? Sampuli wanaitaka mwisho wa mwezi.

Mdau_wa_Gongo

Tia zipu kuzunguka pochi nzima, kesi imeisha. Mimi natumia ya hivyo, hata ikianguka ndani ya daladala hakitoki kitu.

FundiMsharasi

Dada hongera kwa oda. Zipu iache kwanza, pochi itanenepa na wanaume hawataiweka mfukoni. Kipimo nacho usikiguse bado. Anza na jinsi unavyolaza patani juu ya ngozi.

Ngozi haivutiki sawasawa. Pale mgongoni kwa mnyama imeshikana, ukishuka tumboni na kwapani inalegea. Hata kwenye kipande kimoja, ukivuta kwa mwelekeo wa kichwa na mkia inagoma, ukivuta kutoka mgongoni kwenda tumboni inafuata mkono. Chukua kipande sasa hivi uvute pande zote mbili, utahisi tofauti. Basi mdomo wa mfuko wa kadi lazima ufuate ule mwelekeo unaogoma. Mafundi wengi tunapanga patani ili ngozi isipotee, mfuko mmoja unalala hivi, mwingine vile, ndiyo maana katika pochi za siku moja hii inadumu na ile inalegea. Kwa oda ya 60 kubali kupoteza ngozi kidogo. Tumbo lifanyie vishikio vya funguo, kwenye mfuko wa kadi lisiingie kabisa.

La pili ni ngozi yenyewe. Hiyo ya mbuzi laini bila shaka imetengenezwa kwa kromu, ile dawa ya kiwandani. Inapendeza mkononi lakini inavutika na haishiki umbo. Iliyotengenezwa kwa magome, kama ya ile miwati inayolimwa Njombe, ni ngumu zaidi na ukishaipa umbo inalishika. Kuzitofautisha, kata ukingo mpya uangalie katikati: ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au bluu, ya magome ni kahawia mpaka ndani.

Kama tayari umenunua ya mbuzi huna haja ya kuitupa. Nyuma ya mdomo wa kila mfuko bandika utepe mwembamba usiovutika, upana wa milimita 5 au 6, kisha pindia ngozi juu yake au uufunike kwa bitana. Utepe ndio unaobeba mvuto, ngozi inabaki kuwa sura tu. Hilo peke yake litakuondolea malalamiko mengi kuliko kubadilisha kipimo.

Sasa vipimo. Kadi za benki na vitambulisho vya plastiki vinafuata kiwango kimoja cha dunia: milimita 85.6 kwa 53.98, unene 0.76. Kwa hiyo kati ya mshono na mshono acha milimita 89 au 90. Ngozi ya mfuko ishuke mpaka 0.7 au 0.8, ya nje iwe 1.2. Na ile mifuko iliyopandana usiikate yote mistatili. Ya ndani ikate kwa umbo la T, mabega yafike kwenye mshono, mwili uwe mwembamba. Ukifanya hivyo pembeni hapalundikani matabaka manne matano, na mshono haulazimiki kushika ukuta.

Kama ni ngozi ya magome, malizia hivi: lowesha mfuko kidogo kwa sponji, ingiza kadi iliyofungwa nailoni, acha ukauke kivulini usiku mzima. Mfuko unalichukua umbo la kadi. Ya kromu haikubali jambo hili, usipoteze muda.

Ushonaji_Tanga

Fundi Msharasi shikamoo, na asante sana. Nimekata ukingo, ni kijivu kama ulivyosema. Kwa hiyo utepe. Lakini bado nina wasiwasi na ule upande wa kugeuza juu chini, maana kadi ya chama ni mpya na inateleza kuliko zote.

Ngozi_Kariokor

Salamu kutoka Nairobi dada. Hilo litatue kwa kugeuza mifuko, usitegemee kubana peke yake. Pochi nyingi mdomo wa mfuko unaangalia juu, ukiigeuza kadi inaanguka. Wewe zisimamishe kadi, mdomo uangalie kwenye kunjo la katikati. Pochi ikifungwa, kunjo lenyewe linaziba njia. Mteja akiitupa kwenye kiti cha matatu hakuna kinachotoka, hata baada ya miaka mfuko ukiwa umechoka.

Kila mfuko ukate nusu duara ndogo chini au pembeni, mahali kidole gumba kinapoweza kuisukuma kadi. Watu hulegeza mifuko kwa sababu wanaingiza vidole viwili ndani kuitafuta kadi. Ukiwapa njia ya kuisukuma kutoka nyuma hawatauchokonoa mdomo. Mimi naona tundu hilo lina faida kuliko mapambo yote.

Uzi uwe wa poliesta uliopakwa nta, mshono ukae milimita 3 kutoka ukingoni, na kila mahali mdomo wa mfuko unapokutana na mshono, pitisha sindano mara mbili. Hapo ndipo panapoanza kupasuka.

Mdau_wa_Gongo

Nimeelewa hoja ya unene. Ila kwa akina mama wanaobeba begi, zipu bado naitetea.

Malipo_IT

Naomba nichangie la kudukuliwa, ni kazi yangu ya kila siku.

Kadi za kugusisha, yaani zile unazolipa kwa kuzisogeza karibu na mashine bila kuzichomeka, zinafanya kazi kwa masafa ya megahezi 13.56. Ndani ya plastiki kuna waya mwembamba unaozunguka kadi karibu na kingo, ndiyo antena. Kadi haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye mashine. Kwa matumizi ya kawaida umbali ni sentimita chache tu. Na kila malipo kadi inatengeneza msimbo mpya wa mara moja, aliyeunasa hawezi kuurudia kwa malipo mengine. Kwa hiyo mtu wa kupita karibu nawe sokoni akakomba akaunti kupitia suruali si hatari ninayoiona ikiwaumiza wateja. Wanaoumia ni walioibiwa pochi nzima yenye karatasi iliyoandikwa namba ya siri, na waliochelewa kupiga simu benki kufunga kadi. Mwambie mwenyekiti hivyo kabla hajalipia. Tusiwauzie watu hofu.

Kama bado anataka, kitambaa cha kuzuia kipo, ni poliesta iliyopakwa shaba na nikeli. Kitie kati ya ngozi ya nje na bitana, pande zote mbili za pochi, kisiache mwanya kwenye kunjo. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni nayo inazuia, lakini kwenye kunjo itakatika mapema, na ikishakatika huna kinga. Jaribu kwenye mashine ya malipo yenyewe: funga pochi, igusishe. Kimya, umefaulu.

Kuna mambo mawili ambayo yanaharibu kadi na mafundi mnaweza kuyazuia. Antena hukatika kadi ikikunjwa kunjwa, hasa pochi ikikaliwa kwenye mfuko wa nyuma. Ukiweka mifuko mbali kidogo na kunjo na kuacha ukuta wa nje uwe mgumu, umeokoa kadi nyingi. Halafu sumaku za kufungia. Kadi za benki mstari wake mweusi ni mgumu kufutika, ila kadi za milango ya hoteli zinafutika kirahisi sana. Ukitumia sumaku iwe ndogo na iwe mbali na mifuko. Kishikizo cha kubonyeza kinatosha.

Abiria_Kigamboni

Mtaalamu, na sisi wa N-Card, ile kadi ya kulipia nauli? Kila siku kivukoni nagusisha. Nikinunua pochi inayozuia kila kitu nitakuwa natoa kadi kwenye foleni.

Malipo_IT

Mkuu, swali zuri. Kadi yako ikae kwenye mfuko ulio nje ya kitambaa cha kuzuia, peke yake. Hapo kitambaa kinakusaidia pia kwa namna nyingine: kadi mbili za kugusisha zikikaribiana mashine inachanganyikiwa, inakataa au inakata kwa kadi usiyoitaka. Zilizo ndani zikizibwa, mashine inakutana na ya nje peke yake.

Mama_Mikoba

Ushonaji mwenzangu, wanachama wanawake watazitia hizo pochi kwenye mikoba, nami nashona mikoba ya turubai na kitenge, kwa hiyo niseme ya kwangu. Kadi kwenye begi hailindwi na mfuko mzuri, inalindwa na mahali mfuko ulipo. Mfuko wa pochi uwe ndani, upande unaogusa mwili, na zipu yake ifunguke kuelekea mwilini. Mfuko wa nje wenye zipu ya kupendeza ndio wa kwanza kufunguliwa kwenye msongamano.

Kuna wanaochana mabegi kwa wembe. Bitana laini haisaidii chochote. Chini ya begi na kwenye ukuta wa nje natia turubai nzito katikati ya kitambaa na bitana, nashona mistari ya kukatiza. Wembe unapita, lakini si kwa mkato mmoja, na mwenye begi anahisi. Mkanda nao uingie ndani ya mshono wa chini, usishonewe juu ya mdomo tu.

Wewe uko Tanga na unyevu unaujua. Zipu za chuma cha bei rahisi zitaota kutu. Tumia za nailoni au za shaba. Na pochi zikiwa tayari usizifunge kwenye mifuko ya nailoni ukaziweka wiki nzima zikisubiri mkutano, zitaota ukungu. Zifunge kwa kitambaa au karatasi.

Ushonaji_Tanga

Wakuu nimeshukuru sana. Nimeshachora patani mpya: kadi tatu kila upande, midomo inaangalia kunjo, tundu la kidole, utepe kwenye kila mdomo. Mfuko mmoja mwembamba nyuma kwa kadi ya kugusisha. Kitambaa cha kuzuia nitampa mwenyekiti achague, sampuli moja nacho na moja bila, kila moja na bei yake, na maelezo ya Malipo_IT nitamsomea. Utepe wa aina gani fundi? Dukani kuna wa pamba na wa nailoni.

FundiMsharasi

Nailoni, au poliesta. Wa pamba unakunywa unyevu na gundi, unavimba na mdomo unakuwa na mawimbi. Uvute kwa mikono kabla ya kununua, ukirefuka hata kidogo urudishe. Gundi ya viatu ipake nyembamba pande zote mbili, isubiri ikauke mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na ugonge kwa nyundo.

Sampuli ikiisha ijaze kadi sita uiache hivyo siku kadhaa, uikunje na kuikunjua, kisha toa kadi zote, rudisha moja moja, geuza na utikise. Mfuko ukishika baada ya hapo, kata zilizobaki. Tumia kadi za kweli zilizokwisha muda. Vipande vya boksi vinakwaruza ngozi na kujishika vyenyewe, vitakupa jibu zuri ambalo plastiki haitakupa.