Naomba ushauri: Jaribio la Libet na hiari ya binadamu

Wenzangu, tunaandaa mdahalo wa wanafunzi hapa Nairobi. Mwaka 1983 mwanasayansi wa ubongo Benjamin Libet, aliyewaomba watu wasogeze mkono wakati wowote wapendapo, aliripoti kuwa umeme wa ubongo huanza kupanda takriban milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea, ilhali mtu husema ameamua milisekunde 200 tu kabla. Wengi hudai basi hiari haipo. Naona wameruka hatua: mchoro wa umeme huo ni wastani wa majaribio mengi, unaohesabiwa kurudi nyuma kutoka msogeo, hivyo nyakati umeme ulipopanda na mkono ukatulia hazionekani. Mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando huo waweza kutokana na mitikisiko ya kubahatisha ya neva inayofikia kizingiti, yaani kiwango kinachoanzisha msogeo. Nianze na dosari hiyo, au niulize kwanza kama kuna kipimo kinachoweza kuamua suala hili?