Naomba ushauri: sura ya tasnifu kuhusu kituo cha ndege za usafirishaji za jeshi, niipange vipi?

Nuru wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya usafirishaji na ugavi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Tasnifu yangu inahusu usafirishaji wa mizigo ya dharura kwa ndege, na sura ya tatu inatakiwa ieleze kwa kina kituo kimoja cha kijeshi ambacho kazi yake kuu ni hiyo. Nimechagua Kituo cha Jeshi la Anga cha Dover, katika jimbo la Delaware nchini Marekani, kwa kuwa taarifa zake nyingi ziko hadharani na kwa kuwa kina ndege za aina mbili kubwa, yaani C-5M Super Galaxy na C-17 Globemaster III.

Rasimu yangu ilianza na Kikosi cha Usafirishaji wa Anga cha 436, ambacho ndicho mwenyeji wa kituo, nikaeleza makundi yake manne ya urushaji, matengenezo, huduma za kituo na tiba, kisha nikaingia kwenye skwadroni, yaani vitengo vidogo vilivyo ndani ya makundi hayo: ya 9 inayorusha C-5M, ya 3 inayorusha C-17, na kuendelea. Baada ya hapo nikakieleza Kikosi cha 512, ambacho ni cha askari wa akiba. Msimamizi wangu amenirudishia kurasa zote akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hili ni daftari la mahudhurio. Kituo kinafanya nini?"

Naomba mnisaidie kuipanga upya. Aidha, sijaelewa ni kwa nini kituo kimoja kiwe na vikosi viwili vyenye kazi ileile, na sina hakika kama nigusie suala la miili ya askari waliofariki, ambayo hupokelewa hapo Dover.

Karani Mstaafu

Mwanangu Nuru, msimamizi wako amekutendea wema ingawa wino ni mwekundu. Nimefanya kazi katika ghala la mizigo la uwanja wa ndege kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ushauri wangu ni kwamba uache kufuata vyeo na ufuate mzigo. Chukua shehena moja, tuseme mashine ya kusafishia maji, uifuate tangu lori linapoingia getini hadi ndege inapoacha ardhi, na kila kitengo kitajitokeza chenyewe pale kazi yake inapofika.

Getini utakutana na askari wa ulinzi, ambao wako chini ya kundi la huduma za kituo. Kutoka hapo mzigo unapokelewa na Skwadroni ya Bandari ya Anga ya 436, na mimi ningekaa hapa kwa kurasa nyingi kuliko mahali pengine popote, maana watu wengi huandika habari za marubani na kusahau kwamba ndege ya mizigo isiyo na watu wa bandari ni chombo kitupu. Hawa ndio wanaopima uzito, wanaokagua nyaraka, wanaotenga mizigo ya hatari, na wanaopanga shehena juu ya paleti. Paleti ya kijeshi ya Marekani ni bamba la alumini lenye kiini cha mbao nyepesi, upana wake ni mita 2.24 na urefu mita 2.74, na pembezoni ina pete 22 za kufungia nyavu. Hutumika nyavu tatu, mbili za pembeni na moja ya juu, na bamba hilo hubeba takriban kilo 4,500. C-17 huingiza paleti 18 na C-5M huingiza 36, kwa hiyo ukishajua idadi ya paleti zako umeshajua nusu ya jibu la ndege gani iitwe.

Halafu kuna suala la mizani. Lori likizidisha uzito kwenye ekseli moja litazuiwa Vigwaza na dereva atalipa faini, lakini ndege ambayo uzito wake umeegemea nyuma kupita kiasi inaweza kuanguka. Kwa sababu hiyo msimamizi wa shehena, ambaye ni mmoja wa wahudumu wa ndege yenyewe, huhesabu mahali pa kila paleti kabla haijaingia, na kauli yake hupewa uzito mkubwa na rubani.

Fundi wa Hanga

Namuunga mkono Mzee Karani, ila mzigo wake umepanda ndege kabla fundi hajaikagua ndege hiyo. Dada Nuru, kundi la matengenezo usiliandikie aya moja tu. C-5 ni ndege yenye urefu wa mita 75 na injini nne. Pua yake hunyanyuliwa juu ili shehena iingie kwa mbele, nyuma kuna mlango mwingine ili magari yaingie upande mmoja na kutokea upande wa pili, na ndege yenyewe huinamishwa juu ya magurudumu yake ili sakafu ikaribie ardhi. Kila kimojawapo cha vitu hivyo ni mfumo wa ziada unaoweza kugoma. Mradi wa kuzigeuza ndege hizo kuwa C-5M, wenye injini mpya na mambo mengine, ulikuwa na lengo la kuzifanya ziwe tayari kuruka mara nyingi zaidi, kwa maana zamani zilisifika kwa ukubwa na zililaumiwa kwa kukaa chini.

Kuna tukio moja ambalo litakusaidia kuonyesha jinsi vikosi viwili vinavyotumia ndege ileile. Tarehe 3 Aprili 2006, C-5B moja, toleo la kabla ya C-5M, iliondoka Dover, na muda mfupi baadaye taa ikaashiria kwamba kifaa cha kugeuzia msukumo katika injini namba 2 hakijafungika sawasawa. Wahudumu waliizima injini hiyo na kuamua kurudi. Wakati wa kutua, badala ya kutumia injini tatu zilizobaki, waliiacha namba 3 ikiwa katika mwendo wa chini kabisa huku wakisukuma mkono wa kuongezea nguvu wa injini iliyozimwa. Ndege ikapungukiwa nguvu na kuanguka kabla ya kufika njia ya kurukia, ikavunjika, lakini watu wote 17 waliokuwamo walinusurika. Waliokuwa wakiirusha ni askari wa akiba wa Kikosi cha 512. Ukisoma habari hiyo utaona kwamba kituo kina jukumu jingine lisiloonekana kwenye orodha yako, nalo ni kuwafundisha watu hao mfululizo, kwa kuwa ndege za mazoezi huruka hata siku ambazo hakuna shehena.

Mtazamaji

Samahani kwa kuuliza, lakini kwa nini mwanafunzi wa Kitanzania asiandike kuhusu jeshi letu? Kamandi ya Anga tunayo, na anayepita Ukonga kila siku anaona mwenyewe kwamba tuna pa kuanzia. Tunachoka kusoma habari za Delaware.

Mwalimu wa Historia

Ndugu Mtazamaji, hoja yako ina uzalendo ndani yake na sina neno nayo. Hata hivyo tasnifu huhitaji taarifa zilizotolewa rasmi, na kuuliza ovyo kuhusu vitengo na safari za jeshi la nchi yoyote, letu likiwamo, si njia ya kupata shahada. Dada akitaka sura inayotuhusu, aombe kibali kupitia chuo chake. Kwa sasa namshauri abaki na Dover na atumie mifano iliyotugusa sisi wa Afrika Mashariki.

Mfano mmoja ni wa mwaka 1992, wakati wa njaa ya Somalia, ambapo ndege za Marekani za C-130, ambazo ni za mizigo na ndogo kuliko za Dover, zilifanya Mombasa kuwa kituo chao na kupeleka chakula ndani ya Somalia kutokea hapo. Mwingine ni wa mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma na kipindupindu kikawashambulia. Safari hiyo Entebbe ndiyo iliyokuwa kitovu cha operesheni. Mifano hiyo inaonyesha jambo ambalo mpangilio wa "mzigo mmoja" unaweza kulificha, kwamba ndege kubwa hufika mahali penye njia ndefu na imara, na kutoka hapo ndege ndogo zaidi huendelea hadi kwenye viwanja vya hali duni. C-17 iliundwa ili kupunguza tatizo hilo, kwani huweza kutua kwenye njia yenye urefu wa takriban mita 1,070 na upana wa mita 27 tu.

Nuru wa Tabata

Shikamooni wakubwa zangu, na nawashukuru sana. Mzee Karani, nimeshaanza kuandika upya kwa kufuata mashine ya maji, na ghafla bandari ya anga imekuwa moyo wa sura badala ya kuwa mstari mmoja. Kaka Fundi, tukio la 2006 nitaliweka. Bado nina maswali mawili: ni nani anayeamua kwamba mashine ile iende Entebbe leo? Na hao wa akiba wanaishije?

Bi. Mkufunzi

Marahaba, mwanangu. Swali lako la kwanza ndilo ambalo msimamizi wako atalifurahia, kwa sababu watu hudhani mkuu wa kituo huamka asubuhi na kuamua ndege ziende wapi. Dover iko chini ya Kamandi ya Usafiri wa Anga, iliyoundwa mwaka 1992 na yenye makao yake katika Kituo cha Scott, jimbo la Illinois. Maombi ya wahitaji hupitia kamandi ya pamoja ya usafirishaji, ambayo nayo iko hapohapo Scott, na kituo cha udhibiti kinachojulikana kwa namba 618 ndicho kinachopanga safari: ndege ipi, ya kituo kipi, itie mafuta wapi, ipumzishe wahudumu wapi. Mkuu wa kikosi kule Dover anawajibika kuhakikisha kwamba ndege na watu wako tayari wakihitajika, na kwa safari za mazoezi anajipangia mwenyewe. Ukiyatenganisha mamlaka hayo mawili mapema, sura nzima itatulia.

Kuhusu askari wa akiba, Kikosi cha 512 hakina ndege zake. Kinatumia zilezile za Kikosi cha 436, na kina skwadroni zake za marubani, mafundi na watu wa bandari ya anga. Wengi wana ajira za kiraia, na kwa kawaida hutumika wikiendi moja kila mwezi pamoja na wiki mbili kila mwaka, ingawa marubani hulazimika kuruka zaidi ya hapo ili wasipoteze ustadi. Serikali hupata wahudumu wengi zaidi kwa kila ndege bila kununua ndege nyingine, na ndege moja ikirudi na wahudumu waliochoka, wengine wanaweza kuichukua. Utaratibu huo uko pia katika vituo vingine vya Marekani: Charleston, ambako Kikosi cha 437 kinashirikiana na cha 315, na Lewis-McChord, ambako cha 62 kinashirikiana na cha 446. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ambayo nchi yenye bajeti ndogo ina mengi ya kuichunguza, kuliko ukubwa wa ndege.

Suala la miili usilikwepe, ila liandike kwa staha na kwa ufupi. Chumba cha kuhifadhia na kuandalia miili cha Dover kiko pale kituoni, lakini si sehemu ya Kikosi cha 436, ni miongoni mwa taasisi zinazokaa ndani ya kituo zikiwa na wakuu wao. Tangu mwaka 1991 vyombo vya habari vilikatazwa kupiga picha za majeneza yakiteremshwa, na katazo hilo likaondolewa mwaka 2009 kwa sharti la ridhaa ya familia. Hiyo inatosha kwa tasnifu ya ugavi.

Mwalimu wa Historia

Naongeza neno la Ramstein, Ujerumani, ili Dover isionekane kama ndiyo sura pekee ya kituo cha aina hii. Mwenyeji wa pale ni Kikosi cha 86, ambacho hurusha C-130J kwa safari za masafa mafupi, na kina skwadroni ya kuhamisha wagonjwa kwa ndege. Majeruhi wengi wa vita vya Iraki na Afghanistan walitua hapo kabla ya kupelekwa hospitali ya Landstuhl iliyo jirani. Mizigo inayotoka Dover nayo mara nyingi hupitia Ramstein, kwa hiyo vituo hivyo viwili ni ncha za kamba moja.

Na usisahau mwaka 1973, vita vya Mashariki ya Kati, wakati nchi nyingi za Ulaya zilipokataa ndege za Marekani zisitue kwao zikienda Israeli. Zilibaki kutegemea uwanja wa Lajes katika visiwa vya Azores, vya Ureno. Baada ya hapo ndege za mizigo za C-141 zilirefushwa na kuwekewa uwezo wa kujazwa mafuta angani. Katika operesheni hiyo ya 1973, kwa safari 567 zilifikishwa Israeli tani 22,395.

Karani Mstaafu

Hapo, Mwalimu, namwomba Nuru awe makini. Tani hizo ni za Marekani, za pauni 2,000 kila moja, na ukizigeuza kuwa za metriki zinapungua hadi takriban 20,300. Nuru, pitia jedwali lako lote la uzito, uchague kilo au tani za metriki, na uandike chini ya jedwali kipimo ulichotumia kabla hujampelekea msimamizi.