Tezi dume kwa mzee: dawa, TURP au operesheni ya kufungua?

Mtoto wa Tandika
Wakuu heshima kwenu, wakubwa zangu shikamooni. Mzee wangu kakutwa na tezi dume. Daktari wa kwanza kampa dawa, anasema tusubiri. Wa pili anasema afanyiwe TURP, ile ya kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo. Na kuna baba mdogo kashikilia kwamba operesheni ya kufungua ndiyo inamaliza kabisa. Mwisho wa mwezi familia inakaa kikao cha michango, kwa hiyo lazima tuwe na jibu. Ingekuwa nyie mngechagua ipi?

Nesi wa Zamu
Pole kwa kuuguza. Ila hujatupa cha kushika. Mzee ana miaka mingapi? Ultrasaundi imesema tezi ina gramu ngapi? PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, je? Anakojoa mwenyewe au ana mpira wa mkojo? Ana presha, sukari? Bima? Bila hayo kila mtu atakujibu kwa habari za mzee wake.

Kipepeo wa Kimara
Dawa kwanza. Baba mkwe wangu anameza tamsulosin, kidonge kimoja cha miligramu 0.4 kwa siku baada ya kula. Zamani usiku ilikuwa ni kuamka tu, sasa analala. Kizunguzungu kilimsumbua mwanzoni akinyanyuka haraka, siku hizi anakaa kwanza kitandani ndipo asimame. Watu wanakimbilia kisu mapema mno.

Babu Kigamboni
Marhaba mwanangu. Mimi nimefanyiwa TURP na ningeirudia. Unachomwa ganzi ya mgongo, uko macho, unawasikia wanavyozungumza. Wanaingiza chombo kwenye njia ya mkojo wanakwangua nyama kwa ndani, hakuna kidonda nje. Ukitoka unawekewa mpira wenye maji yanayopita muda wote kusafisha kibofu, na yanayotoka kwanza yana rangi ya juisi ya rozela, msishtuke. Jambo moja liulizeni kabla: baada ya hapo mbegu za kiume mara nyingi zinarudi kwenye kibofu badala ya kutoka. Haina madhara, lakini kama mzee ana mke kijana na bado anataka mtoto, aambiwe mapema.

Mtoto wa Tandika
Asanteni sana. Ana miaka 72. Ana mpira. Gramu sikumbuki, karatasi ziko kwa dada Mbagala. Bima hana.

Nesi wa Zamu
Ana mpira! Hilo ndilo la kuanza nalo. Kawaida mgonjwa aliyebanwa mkojo anapewa tamsulosin siku chache, halafu mpira unatolewa aonekane kama anakojoa. Akishindwa, hapo operesheni inakuwa na sababu. Vilevile kama figo zimeanza kuumia (ulizeni kreatinini, kipimo cha damu cha figo), kama kuna mawe kwenye kibofu au UTI isiyoisha. TURP inafaa zaidi tezi ikiwa chini ya gramu 80 hivi. Ikizidi sana, kufungua ni chaguo halali kabisa, au leza kwa hospitali zenye nayo. Kwa hiyo baba mdogo na daktari wa pili wote wanaweza kuwa sahihi. Gramu ndizo zitaamua.

Mama Zai
Naomba nieleze yaliyompata marehemu baba, hospitali siitaji. Alikuwa amepata kiharusi, anameza clopidogrel ya kuzuia damu kuganda. Hakuna aliyetuuliza anatumia dawa gani. Tulilipa, akaingizwa. Usiku ule damu haikukata. Mabonge yakaziba mpira, tumbo likajaa, mzee analia kama mtoto, na wodi nzima ina muuguzi mmoja anayevuta mabonge kwa bomba kubwa la sindano na kusukuma maji, anavuta tena, mpaka alfajiri. Simlaumu yeye, alihangaika sana. Asubuhi kaka yangu akakabidhiwa kikopo cha plastiki chenye nyama zilizokwanguliwa, kimefungwa kwenye mfuko mweusi, akaambiwa tafuteni maabara mpeleke. Kikopo hakina jina! Kaka akaandika mwenyewe kwa kalamu kwenye plasta. Majibu yalitoka saratani. Kikopo kile kingepotea tungebaki tunasema mzee ametibiwa tezi. Kwa hiyo Mtoto wa Tandika, kabla ya gramu na bei, uliza mambo mawili: dawa zake zote nani amezipitia, na kinyama kitapelekwa maabara na nani. Na dawa ya damu msimkatishe wenyewe nyumbani, daktari ndiye aseme lini.

Mzaramo Halisi
Poleni dada. Lakini mbona hakuna anayetaja dawa zetu? Kuna gome la mti linachemshwa, wazee wetu wametumia miaka yote bila kupasuliwa.

Nesi wa Zamu
Ndugu, kama ni Prunus africana, gome lake kweli linauzwa Ulaya kutengenezea vidonge vya tezi dume. Lilivunwa mno mpaka mti ukawekwa mwaka 1995 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Lakini mzee mwenye mpira hafunguliwi njia na chai ya gome. Nimepokea wengi wanaokuja figo zimeshachoka.

Mzaramo Halisi
Hamuamini cha kwetu mpaka Mzungu akiweke kwenye chupa.

Kipepeo wa Kimara
Tusibishane hapo. Swali langu: saratani lazima ijulikane kwa kile kipimo cha kidole, cha kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa? Wazee wengi wanakikimbia. Nimesikia mbwa wanainusa kwenye mkojo.

Kijana wa Mazimbu
Ni kweli, ila sikilizeni yote. Italia, utafiti uliochapishwa 2015, mbwa wawili German Shepherd waliokuwa wa kunusa mabomu walinusishwa mikojo ya watu zaidi ya 900, mmoja akawatambua wagonjwa wote. Lakini Uingereza, mwaka mmoja kabla, mbwa walifanya vizuri kwa mikojo waliyoizoea, walipoletewa mipya wakashindwa. Walikuwa wamekariri. Ndiyo maana wanaofundisha mbwa wa kunusa, hata wa pembe za ndovu, wanasisitiza sampuli mpya kila mara, na mkufunzi mwenyewe asijue ipi ni ipi, maana mbwa anamsoma usoni. Na kuchagua mbwa si aina yake tu. Wanatafuta asiyeogopa kelele na anayeng'ang'ania mpira wa kuchezea. Hapa kwetu Morogoro, pale chuo kikuu cha kilimo SUA, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, na wamewajaribu pia kwa magamba ya kakakuona na mpingo vya magendo.

Mzaramo Halisi
Panya buku huyu huyu anayekula mihogo yetu?

Kijana wa Mazimbu
Huyo huyo mkuu. Anaishi miaka mingi kuliko panya wa kawaida, ndiyo maana inalipa kumfundisha. Mmoja, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia.

Babu Kigamboni
Wanangu, mzee ana mpira. Kidole ni dakika moja, nimepita hapo, heshima yangu ipo palepale.

Mtoto wa Tandika
Dada katuma picha. Gramu 94. PSA 11.

Kipepeo wa Kimara
Bado nasema jaribuni dawa, mpira utolewe kwanza.

Babu Kigamboni
Gramu 94 ni kubwa. Yangu haikufika huko.

Nesi wa Zamu
PSA ilipimwa kabla ya mpira au baada? Mpira na maambukizi vinaipandisha, mara nyingi inarudiwa baada ya wiki sita hivi. Tarehe inasemaje?

Mama Zai
Na dawa anazomeza? Hujajibu.

Mtoto wa Tandika
Dawa ni za presha, majina nitayaleta. Tarehe haionekani, picha imekatwa chini. Namuomba dada apige nyingine.