Naomba ushauri: nitatambuaje kituo kinachowajali wanyama kweli?
Ndugu zangu, ninapanga kuwapeleka wanangu wawili kuona wanyama nje kidogo ya jiji, na nimeshindwa kuamua kati ya bustani ya wanyama na kituo kinachotunza wanyama waliookolewa. Safari iliyopita tulimkuta chui akienda na kurudi kwenye njia ileile bila kukoma, na binti yangu akaniuliza kama anaumwa. Nilipofuatilia nikajifunza kwamba mwenendo huo mara nyingi ni dalili ya mnyama aliyekosa nafasi na shughuli, jambo lililonisikitisha sana. Nimesoma pia kwamba shirika la Global Federation of Animal Sanctuaries, lililoanzishwa mwaka 2007, linataka vituo visifanye biashara ya wanyama wala kuwaruhusu wageni kuwashikashika, hata kwa picha na watoto wa simba.

Je, niwaulize wahusika maswali gani kwa simu kabla ya kulipa kiingilio? Na kwa kuwa wanyama wengi hujipumzisha kivulini jua linapokuwa kali, tufike asubuhi mapema au alasiri? Mdogo ana miaka 4, na huchoka haraka akitembea.