Mwongozo wa API ya kufungua akaunti za taasisi: uwe wazi kwa wote au mpaka usaini mkataba? Tujadili

Wakuu salaam, wana Chuga na ndugu zetu wa Moshi. Hii hoja kila tukikaa watu wa mifumo inatugawa. Mifumo mingi ya malipo na uhasibu siku hizi ina API (mlango wa programu moja kuongea na nyingine) ya kusajili akaunti za taasisi, yani badala ya karani kujaza fomu ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja moja, programu yako inatuma taarifa za chama na akaunti inafunguliwa hukohuko. Sasa mwongozo wa hiyo API, ule unaokuambia utume nini na utarajie jibu gani, wengine wanaufungia mpaka usaini mkataba, na wanaotetea wanasema ukiachwa wazi matapeli watajifunza kufungua akaunti hewa. Mimi nasema uwekwe wazi, wote, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa mteja.

Nianze na hilo la matapeli. Kinacholinda akaunti ni ufunguo wa API (namba ya siri anayopewa mteja ili programu yake ikubaliwe), uhakiki wa nyaraka kabla chama hakijaanza kupokea hela, na kikomo cha maombi kwa dakika. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, aliandika tangu 1883, akizungumzia siri za kijeshi, kwamba mfumo unatakiwa ubaki salama hata adui akiujua wote ila ufunguo tu. Kama wako unadondoka kwa sababu mtu kasoma majina ya fildi (sehemu za kujaza taarifa), rekebisha mfumo. Tena tapeli mkataba atausaini bila wasiwasi, au atatumiwa ile PDF WhatsApp, anayebaki nje ni kijana wa Ngarenaro au Majengo anayetaka kujua kabla ya kuahidi kazi kama hiyo API itamfaa mteja wake ama la.

Halafu mwongozo uliofungiwa hausomwi na watu wengi, kwa hiyo makosa yake yanakaa miaka. Hapa ndo naumia zaidi. Unakuta fildi imeandikwa "namba ya usajili" basi, imeishia hapo. Usajili wa nani? Kampuni inasajiliwa BRELA, AMCOS ya kahawa kule Kibosho inasajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika chini ya sheria ya 2013, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kinaenda halmashauri kama daraja la nne kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Namba zao hazifanani hata kidogo, na aliyeandika mwongozo alikuwa anafikiria kampuni tu. TIN ina tarakimu 9 lakini kwenye cheti ina vistari katikati, je nitume na vistari au nivitoe? NIDA vilevile, tarakimu 20, watu wanaiandika na vistari. Unatuma, unarudishiwa 400 (kodi ya kwamba ombi lako lina kosa) bila maelezo, unabaki unabahatisha usiku kucha huku mhasibu wa chama anapiga simu akaunti iko wapi. Mwongozo ungekuwa wazi mtu wa ushirika Moshi angeshasema zamani kwamba jamani hapa mmetusahau.

Angalieni AWS, huduma ya kompyuta za mtandaoni ya Amazon, mwongozo wao wa kufungua akaunti ndani ya shirika anausoma yeyote bure. Umeandika kabisa kwamba ukiita amri ya CreateAccount akaunti haiwi tayari papo hapo, unapewa namba ya ombi na hali inasomeka IN_PROGRESS, ndo uendelee kuuliza mpaka ije SUCCEEDED au FAILED pamoja na sababu yake, mfano barua pepe hiyo tayari ina akaunti. Sijaona hapo siri iliyomfaidisha mwizi. Ila developa anajua asitume ombi mara ya pili kwa sababu tu jibu halijarudi, na kwa mtandao wetu unavyokata, hilo ndo linaloleta chama kimoja chenye akaunti mbili.

Lugha nayo, angalau maelezo ya makosa yawe ya Kiswahili, maana yanaishia kusomwa na karani.

Ninachokubaliana na upande wa pili ni kwamba mifano isiwe na taarifa za watu wa kweli. Nimewahi kuona mwongozo, tena wa siri huo, mfano wake una NIDA na simu ya mwenyekiti wa chama aliye hai, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Weka data za kubuni na mazingira ya majaribio, hapo sina ubishi.

Kwa hiyo nyie mnaosema ufungiwe naomba mtaje kitu kimoja tu ndani ya mwongozo, fildi au hatua yoyote, ambayo tapeli akiisoma anaweza kufungua akaunti bila ufunguo na bila kupita kwenye uhakiki. Na kama kuna mtu wa SACCOS au AMCOS humu mfumo ulishamkatalia namba yake ya usajili, atuambie ilikuwa ya aina gani na alijibiwa nini.