Naomba ushauri, misemo ya Kiingereza inanisumbua kazini

Wakuu habari zenu. Mi natembeza wageni hapa Bagamoyo, Kiingereza cha kuelezea magofu ya Kaole na makaburi yake nakimudu, shida ni misemo yao. Break a leg nimeshajua, wanamtakia heri msanii anayepanda jukwaani, ila juzi mama mmoja wa Uingereza kaniambia yuko under the weather nami nikajua anaongelea jua lile la saa saba, kumbe hajisikii vizuri, na hilo ndo linaniuma maana mgeni akiumwa inabidi nijue mapema nimtafutie kivuli na maji. Sasa mnaojua nisaidieni, nikariri orodha au nisikilize redio? Na Wamarekani nao wanaitumia hiyo hiyo au wana yao?